Kinamasi Chenye Maharage

Mfereji ule Elinipa aliuchimba mwenyewe, na akapewa cheti. Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, miezi michache baada ya kuhamishiwa Kigoma kutoka Same kuja kuwa bwana bustani wa mji. Kipindupindu kilikuwa kimeingia, wakimbizi wa Burundi walikuwa wakishuka ufukweni kwa maelfu, na amri ikatoka kwamba maji yote yaliyotuama mjini yaondolewe. Katika bustani ya mji, bondeni kwenye njia ya kwenda Kibirizi, palikuwa na kinamasi kidogo kisichozidi uwanja wa mpira, chenye matete, mafunjo, vyura na kambale wawili watatu. Elinipa akaingia na vibarua thelathini, akachimba mfereji mpaka ziwani, na kabla mwezi haujaisha kinamasi kikawa kimekauka kau. Vyura wakahama. Cheti akakitia fremu, akakitundika juu ya kitanda chake.

Miaka mitano baadaye ikaja amri nyingine, ndani ya bahasha ya kaki kama ile ya kwanza, kwamba vinamasi vyote vya mjini vilivyoharibiwa virudishwe kama vilivyokuwa, na walioviharibu watajwe kwa majina. Elinipa aliisoma mara tatu. Kisha akaenda nyumbani, akakishusha kile cheti na kukitia uvunguni.

Mtu mwingine angecheka, mambo yakaisha. Elinipa hakuwa na ubavu wa kucheka, kwa sababu alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni uhamisho wa kurudi kwao. Kule Same alikuwa amemwacha mkewe Aikande, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na watoto watatu, akaahidi kwamba ni mwaka mmoja tu. Ule mwaka mmoja sasa ulikuwa unakaribia miaka sita. Likizo hakuwahi kuchukua hata moja, maana mtu fulani alimtia maneno kwamba barua ya uhamisho ikitoka ikakukuta hupo mezani, anapewa mwenzako. Basi Elinipa akakaa mezani. Kila mwezi aliandika, "Mke wangu, vumilia, barua imekaribia," na Aikande, ambaye mwanzoni alikuwa akijibu kurasa nne, siku hizi alijibu mistari minne, mmoja wao ukiwa wa tarehe. Hilo lilimuuma Elinipa kuliko malaria zote alizougua Kigoma, na alikuwa ameugua nyingi.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita mkuu wake, Bwana Pastory, alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Mwezi wa nane anakuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, Dokta Melania, kukagua kinamasi chetu," alisema. "Akiridhika, siku hiyo hiyo nakusainia uhamisho. Barua nimeshaichapisha." Akaupigapiga mfuko wa shati.

"Na asiporidhika, mkuu?"

"Ataniuliza ni nani aliyekikausha. Mimi sijui kudanganya, Elinipa. Unanijua."

Elinipa alimjua vizuri, ndiyo maana alitoka pale kwapa zikimtoka jasho. Kasoro ilikuwa moja tu: kukausha kinamasi alikujua, kukirudisha hakukujua. Chuoni alisomea maua na nyasi, na mtu akimwita Bwana Shamba badala ya Bwana Bustani alikuwa ananuna siku nzima. Na kwao Upareni, maji yakionekana mahali watu huyajengea ukuta, wakayagawana kwa zamu kumwagilia mashamba. Maji ya kukaa bure yamejaa matete hakuwahi kuona yakitunzwa na mtu mwenye akili zake.

Aliyemwokoa ni Semeni, mama wa Ujiji aliyeuza chai na chapati kwenye lango la bustani, ambaye habari zote za Kigoma zilipitia kwake kwanza ndipo ziende kwa wahusika.

"Tafuta Mrundi," alisema Semeni huku akigeuza chapati. "Kwao ni milima na mabonde, na kila bonde lina tope lake. Kuna mzee anaitwa Barutwanayo, ametoka kambini kwa kibali cha miezi miwili, anabeba magunia ya dagaa pale Kibirizi. Umri ule si wa magunia, Bwana Bustani. Mchukue utapata thawabu."

Barutwanayo alikuwa mzee mrefu, mwembamba, aliyevaa koti la suti juu ya kaptura. Alikizunguka kinamasi kikavu nusu saa nzima. Aliinama, akachota udongo, akaunusa, akauonja na kuutema. Kisha akasimama kwenye ukingo wa mfereji na kutikisa kichwa.

"Huu mufereji aliuchimba nani?"

"Mtu mmoja tu," alisema Elinipa.

"Huyo mutu alikuwa na hasira."

"Hapana, Mzee. Alikuwa ametumwa."

"Ego," Barutwanayo alikubali kwa Kirundi, kwa huruma. "Wanaotumwa ndio wanachimbaga sana. Naweza kukirudisha. Unataka kiwe namna gani?"

Hapa ndipo Elinipa alipoharibu, na aliharibu kwa adabu, akidhani anampa mzee heshima yake. Alisema, "Fundi ni wewe, Mzee. Kitunze tu kama mnavyotunza vya kwenu."

Kesho yake akapanda treni kwenda Tabora, kwenye kozi ya wiki sita ya miche ya miti ya kivuli. Angeweza kukataa, lakini alihofia kwamba anayekataa kozi hawezi kupewa uhamisho.

Aliporudi ilikuwa imebaki wiki moja mgeni afike. Alitoka stesheni na begi lake mkononi, moja kwa moja hadi bustanini, na kabla hajafika langoni akasikia vyura. Elinipa, ambaye miaka yote alichukia kelele za vyura, alisimama katikati ya njia akasikiliza, machozi yakimlengalenga. Akaingia mbio. Maji yalikuwa yamerudi! Mafunjo machanga yalikuwa yamesimama katikati, yangeyange wanne walikuwa wakitembea kwenye kina kifupi, na ule mfereji wa cheti ulikuwa umezibwa kwa tope na vipande vya mgomba. Kisha akatazama pembeni, na furaha ikamwishia mdomoni.

Kinamasi chote kilikuwa kimezungushiwa matuta. Matuta yenyewe yalinyooka kama yamepigwa rula, na juu yake kulikuwa na maharage, tena yamechanua. Chini ya maharage, karibu na maji, magimbi yalikuwa yametanua majani mapana kama sinia. Kwenye kona ambapo Elinipa alikuwa amechora ramani ya mabenchi ya kupumzikia watu, palikuwa na viazi vitamu.

Barutwanayo alikuwa amesimama katikati ya kazi yake, jembe begani, akitabasamu kwa haya mithili ya bwana harusi.

"Mzee!" Elinipa alipiga ukelele. "Ni nini hiki?"

"Umwonga, bonde la maji lenye mashamba pembeni. Kama wa kwetu."

"Mimi nilitaka kinamasi! Pahali pa ndege! Watu waje wapumzike, watazame!"

"Ndege si hawa? Na watu wanakuja. Mama Semeni peke yake anakuja mara tatu kwa siku."

Semeni, aliyekuwa amesimama langoni, alikivuta kikapu chake nyuma ya gauni, lakini kikapu kilikuwa kikubwa na majani ya maharage yalikuwa yakichungulia.

"Sikiliza, Bwana Bustani," alisema Barutwanayo, na tabasamu likamtoka. "Kwetu, ukiona umwonga hauna matuta pembeni, unajua mwenyewe amekufa ama amekimbia. Uliniambia nitunze kama vya kwetu. Ningeacha majani matupu, mutu angepita angesema, hapa hakuna mutu. Na mimi niko."

Elinipa hakusikia vizuri, alikuwa anaona giza. Aliona uhamisho wake ukichanua maua meupe na ya zambarau. Akainama, akashika shina la kwanza la maharage ili aling'oe.

"Ng'oa tu, bustani ni yako," alisema mzee. "Lakini mvua ya kwanza ikinyesha, muchanga wote wa barabarani utaingia ndani ya maji. Matuta ndiyo yanaushika. Mwaka kesho kinamasi kitakuwa kiwanja."

Elinipa akalitazama lile shina. Yalikuwa maharage mazuri, hata mtu aliyesomea maua aliliona hilo. Akaliachia.

"Basi tutafanyaje?" aliuliza kwa sauti ndogo. Halafu akakumbuka jambo. "Mzee, kibali chako kinaisha lini?"

"Kimekwisha wiki mbili sasa. Ile karatasi ya kuongeza siku niliyokupa kabla hujaenda Tabora, ulisema utaisaini."

Elinipa akafungua begi. Ile karatasi ilikuwemo, imekunjwa vizuri kati ya shati na taulo, imekwenda Tabora na kurudi. Alitamani kujichapa makofi. Miaka ile mkimbizi akikutwa mjini bila kibali alipakiwa kwenye lori na kurudishwa kambini, na jina lake likishaandikwa hapati kibali tena. Mambo hayo Elinipa aliyajua, maana lori lilikuwa likipita mbele ya ofisi yake.

Akasema atashughulikia kabla mgeni hajaja. Lakini mwenye mhuri wa vibali alikuwa safarini Kasulu, na aliporudi, alirudi ndani ya msafara wa mgeni mwenyewe. Magari matatu yaliingia bustanini. La kwanza lilimbeba Dokta Melania, mama mnene, mchangamfu, aliyevaa mabuti ya mpira aliyotoka nayo Dar es Salaam. La pili lilimbeba Bwana Pastory na viatu vyake vya kung'aa. La tatu lilimbeba mwenye mhuri, Bwana Oswald, mshughulikiaji wa vibali vya wakimbizi, ambaye Pastory alimwalika kwa sababu aliona msafara wa magari mawili hautii heshima.

Elinipa alimwona Oswald akishuka. Alikuwa ameshampanga Barutwanayo miongoni mwa vibarua watano, na sasa akamsogelea na kumnong'oneza, "Mzee, usifungue mdomo. Ukisema neno moja tu, hata salamu, watakujua."

Pastory aliona matuta kwanza. Rangi ikambadilika.

"Elinipa, haya ni maharage."

"Ndiyo, mkuu."

"Kwenye bustani ya mji."

"Ndiyo, mkuu."

"Mungu wangu," alisema Pastory, akatoa leso.

Dokta Melania aliingia majini na mabuti yake, akapapasa mizizi ya mafunjo, akachimbua tuta moja kwa kidole, akasimama mbele ya yangeyange wakatazamana. Elinipa alihesabu pumzi zake mwenyewe. Mwishowe yule mama akageuka, mikono kiunoni.

"Nimekagua vinamasi kumi na kimoja nchi hii," alisema. "Tisa nimekuta vimefagiwa, vimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na havina maji hata ya kunawa. Kimoja wamekiwekea geti. Hapa nakuta vyura! Na haya matuta yanazuia mchanga wa barabarani, na watu wanakula. Nani aliyefikiria kazi hii?"

Pastory, ambaye sekunde moja nyuma alikuwa amejitenga na Elinipa hatua tatu, alirudi hatua zote tatu na kumshika bega. Elinipa akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa tayari ulimini: si mimi, ni mzee yule pale mwenye koti. Akamwona Oswald ameegemea gari, daftari la majina mkononi. Akamwona Barutwanayo, midomo ameibana, macho ameyatupa chini.

"Ni mimi," alisema Elinipa.

"Hongera sana! Basi hapa kwenye mfereji naona panavuja kidogo. Hebu nionyeshe unavyoziba, nikawafundishe wengine."

Kiongozi mwingine angeagiza vibarua. Elinipa alijaribu, lakini Dokta Melania alikuwa ameshatoa kalamu. Basi akavua viatu, akakunja suruali ya suti, akaingia kwenye tope. Kwanza alishika jiwe. Nyuma yake Barutwanayo akakohoa. Akaliweka jiwe chini, akashika kipande cha mgomba. Kimya. Akakisimamisha wima. Kikohozi. Akakilaza ubavu. Kimya. Akachota tope akalitupia juu, na kikohozi kilichomtoka mzee kilikuwa kirefu, chenye uchungu wa fundi anayeona kazi yake ikichezewa. Elinipa akalikanda tope taratibu, akalipaka, na kikohozi kikatulia.

"Huyu mzee anaumwa nini?" aliuliza Oswald.

"Kifua, baba," alidakia Semeni. "Hata kuongea hawezi."

"Si apelekwe hospitali?"

"Akipelekwa ndiyo kinazidi."

Ikabaki kukanyaga. Elinipa akakanyaga kwa vidole, kikohozi kikaja. Akakanyaga kwa visigino akirudi kinyumenyume, kikawa kimya, akaona ameshapatia, akaongeza mwendo. Mzee alikohoa kwa nguvu zake zote, lakini alichelewa. Elinipa alikwenda chali katikati ya magimbi na suti yake yote, miguu juu, na yangeyange wote wanne wakaruka kwa pamoja. Maji yakaacha kuvuja.

Dokta Melania alipiga makofi mpaka kalamu ikamwanguka. "Huyu ndiye mtaalamu! Anaingia mwenyewe! Bwana Pastory, naomba mtu huyu asiguswe. Miaka mitano asitoke Kigoma. Nitaliandika hilo leo leo."

Pastory aliutoa mkono kwenye mfuko wa shati. Elinipa, akiwa bado amekaa majini, aliuona ule mkono ukitoka mtupu, na alielewa. Alishukuru, kwa kuwa ilibidi ashukuru.

Magari yalipoondoka akakaa juu ya tuta bila kujali maharage, akalia waziwazi, matope yakimtiririka. Semeni alimletea chai. Barutwanayo akaja akakaa kando yake.

"Ungesema ni mimi."

"Ningesema ni wewe, Mzee, saa hizi ungekuwa juu ya lori."

"Ego. Asante, mwanangu." Mzee akamtazama usoni. "Kilio hiki ni cha nini? Mama wa watoto yuko hai?"

"Yuko."

"Na nyumba ipo?"

"Ipo."

"Kuna vita njiani?"

"Hakuna. Kuna treni, halafu basi." Elinipa akafuta pua kwa mkono wa suti. "Ila barua ya uhamisho, Mzee. Bila ile barua..."

"Mimi umwonga wangu uko ng'ambo ya milima hiyo, kwa miguu siku nne," alisema Barutwanayo. "Mwenyewe simo, nilikimbia. Sijui anaulima nani. Nikienda nitauawa. Wewe unazuiwa na karatasi?"

Hakusema kwa kejeli, aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Elinipa alitafuta jibu. Alikuwa nalo miaka sita, alikuwa akiliandika kila mwezi, lakini siku ile kila alipolishika lilimponyoka. Akaona aibu, aibu ya kweli, iliyomfanya asahau matope.

Kesho yake asubuhi akaingia kwa Pastory na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya likizo. Ya pili ilisema kwamba kinamasi alichokisifu Dokta Melania hakiwezi kukaa bila mwangalizi, hivyo mji unaomba kibali cha mwaka mzima kwa kibarua Barutwanayo. Pastory alisaini zote mbili haraka, akihofia kuulizwa juu ya mfuko wa shati. Oswald alipogonga mhuri aliitazama picha iliyobandikwa, akainua kichwa.

"Huyu si yule mzee wa kifua?"

"Amepona," alisema Elinipa.

Akapanda treni siku hiyo hiyo mpaka Dodoma, kisha mabasi mawili. Alifika Same mchana wa tatu, vumbi mpaka kwenye kope, akiwa na mfuko mmoja wa maharage mabichi ambayo mzee alilazimisha ayabebe. Aikande alikuwa uani anasahihisha madaftari. Alimtazama mumewe, akatazama nyuma yake barabarani kutafuta gari la mizigo, akamtazama tena.

"Umehamishwa?"

"Hapana. Sijahamishwa, na sitahamishwa mpaka miaka mitano ipite. Nimekuja tu."

Kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi mwa Aikande. Wino ulidondokea daftari la mtoto wa watu na hakuuona.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," alisema.

Elinipa akamnyooshea mfuko wa maharage. Mkewe akainuka, akampokea ule mfuko, akaingia jikoni kubandika sufuria.